Mama Wawili Kwenye Kadi

Mwezi wa Mei 1998, Alhamisi baada ya alasiri, tulimzika mtu aliyenifundisha kompyuta, na palepale kaburini nikampotezea jambo moja aliloniomba.

Alikuwa fundi wa redio za meli aliyestaafu, akikaa Majengo na dada yake. Mimi nilikuwa karani wa chama chetu cha mazishi, chumba kimoja Mji wa Kale, na masomo yangu yalikomea darasa la nane. Nilimwita ami, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Chama kilipopewa kompyuta kuukuu, yeye ndiye aliyekuja na lugha ya kuiandikia programu, aliyoletewa na mpwawe kwenye diski, akakaa nami kila asubuhi mpaka nikaielewa kidogo.

Lugha ile haikutaka uiamrishe mashine hatua kwa hatua. Ulieleza umbo la kitu: mwanachama ni jina lake, kisha jina la mama aliyemlea, kisha la mama aliyemzaa, kisha mtaa. Chini yake uliandika neno moja tu, na lugha yenyewe ikajitungia njia ya kuliandika umbo lile kwenye faili na kulisoma tena. Umbo lolote lile, neno ni hilohilo. Niliona kama mchezo wa mazingaombwe.

"Usimwamini sana karani huyu," ami alinambia akicheka, akiionyesha mashine kwa kidole. "Aandika asichokijua. Yeye ajua la kwanza, la pili, la tatu, basi. Ukibadilisha umbo, soma faili la zamani kwa umbo la zamani, ndipo uliandike kwa jipya."

"Kwani mimi najua ninachokiandika, ami?"

"Wewe angalau wauliza."

Majina ya mama tuliyaweka kwa sababu ya talakini, yale maneno anayosomewa maiti akishafukiwa, ambapo huitwa kwa jina lake na la mama yake. Zamu ya ami ya kuandikishwa ilipofika, alishusha sauti. Mamake alifariki akimzaa, jirani akamchukua akamlea pamoja na wanawe.

"Mji mzima wanijua kwa aliyenilea," alisema, "na Mungu amrehemu, hakunipunja kitu. Lakini yule mwingine hajatajwa na mtu kwa ajili yangu hata siku moja. Siku hiyo nataka niitwe mwana wake."

Mwaka uliofuata ami alilala kitandani, mgonjwa. Wakati huo mwalimu anayesoma talakini akalalamika kwamba kadi tunazomchapia zinatanguliza mlezi, naye hulitafuta la mzazi jua likimpiga. Kwenye umbo nikamhamisha mama aliyezaa akawa wa kwanza, mlezi akafuata. Sikumwuliza ami. Nilijiambia simsumbui mgonjwa. Ukweli ni kuwa nilitaka kuja kumwambia nimefanya peke yangu.

Nilijaribu kwa wanachama watatu wapya, kadi zikatoka safi. Faili la zamani nalo lilisomeka bila lalamiko, maana majina yote mawili ni herufi tu, na mashine haikuwa na la kushuku: la kwanza, ambalo humo lilikuwa bado la mlezi, ikalichukua kuwa la mzazi. Lau ningeongeza kitu au kupunguza, ingekataa. Waliolelewa na mama zao wenyewe, ambao ni karibu wote, tulikuwa tumeandika jina lilelile mara mbili, kwa hiyo maziko yaliyofuata hayakunifichua.

Kadi ya ami niliichapa mwenyewe nikaikunja bila kuisoma, macho yamejaa machozi. Makaburini mwalimu akachutama upande wa kichwa, akaifungua, akamwita ami mwana wa mama aliyemlea. Nilisikia. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, ningeweza kumgusa bega. Akaita mara ya pili, akaita ya tatu, nami nafikiria watu watakavyonitazama. Dua ilipokwisha nikaitikia amina pamoja na wengine.

Siku ya hitima, dada yake, binti wa yule mlezi, alinishika mkono mlangoni. "Nimeambiwa mmemwita kwa mama yetu. Mmenifurahisha, mwanangu."

Nikasema, "Alhamdulillahi." Hilo laniunguza kuliko kosa lenyewe.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Nikayalinganisha majina yote na daftari la mkono, nikayarekebisha. Wengine wanne walikuwa wamegeuzwa, wote wazima. Kisha nikaenda Majengo, nikavuta kiti karibu na dada yake, nikamweleza kila kitu.

"Na ulimi wako ulikuwa wapi pale?"

"Niliona haya, bi mkubwa."

"Haya ya maiti au haya ya watu?"

"Ya watu."

"Miaka sitini hatukumtaja yule mwanamke nyumba hii, twaogopa kumtia ndugu yangu huzuni. Kumbe mwenyewe alitaka atajwe. Akiitwa nani?"

Nikamtajia.

"Sema tena, nisikie."

Nikasema tena, kwa sauti. Alilirudia mara moja, polepole, kisha akanambia nirudishe kiti mahali pake. Nikakirudisha, nikatoka.