Sauti ya Pili Hairuki

Nilipojifungua mtoto wa tano nilianza kujikojolea. Nalitamka neno lenyewe hivyo hivyo, maana kuzungukazunguka ndiko kulikonichelewesha. Nikikohoa, tone. Nikiinua gunia la mbaazi, tone. Sasa hedhi inapotea miezi kadhaa halafu inarudi, joto linanipanda kifuani hata asubuhi za baridi hapa kijijini Daa, na hayo matone yamekuwa mkojo kamili.

Muuguzi wa zahanati hakuniacha nimalize.

"Umezaa watano, mama. Ulitegemea nini?"

Nilitegemea dawa! Nilitegemea angalau kuulizwa swali la pili. Nikarudi nyumbani nimefura, nikawa nanunua pedi Karatu mjini, ambako hakuna anayenijua, na siku za mazoezi ya kwaya sinywi maji kabisa.

Kwaya ndiyo kitu changu peke yangu. Nyumbani mimi ni wa kila mtu. Kanisani mimi ni sauti ya pili. Lakini nyimbo za siku hizi ni kuruka tu. Tulikuwa tunajiandaa kurekodi video, wenzangu wanaruka, mimi nachezesha mabega. Jumamosi moja mwalimu wa kwaya akasimamisha kinanda.

"Mama, kama umechoka na kazi ya Bwana, sema. Asiyeruka haingii kwenye video."

Damu ikanichemka. Nimeimba hapo tangu sijaolewa, leo niondolewe kwa sababu ya kibofu?

"Sijachoka, mwalimu. Nikiruka najikojolea, tangu nizae. Haya, umesikia."

Nikawageukia wanawake wenzangu. "Niko peke yangu?"

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mke wa mwalimu, yeye anayeruka kutushinda sote. Akafuata mwingine. Kisha karibu sauti ya kwanza yote.

Mtu angedhani nilifurahi. Nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha. Tumepikiana uji wa uzazi, tumebebeana watoto, tumekaa benchi moja miaka yote hiyo, na kila mmoja amebana miguu yake kimya kimya kana kwamba ameiba!

Mwalimu alimtazama mkewe. "Hata wewe?"

"Baba watoto, kwani ulidhani kila Jumapili nakimbilia kufua sare kwa sababu ya vumbi?"

Video tulirekodi tumesimama.