Mwili Kwanza

Mwalimu Timothée hana ubaya na mtu, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Alitoka kijijini Yanonge kuja kusomea Kiingereza hapa Kisangani, akabaki mtaa wa Mangobo na mpwa wake Chimène, yatima aliyemlea tangu utotoni, akifundisha katika ukumbi wa kanisa. Mimi nashonea nguo barazani pa ukumbi huo. Sikuwahi kujiandikisha, lakini masomo yote niliyapata bure.

Alipenda mno vile vitenzi vya Kiingereza vyenye kijineno mkiani. Vingine, alisema, vinataka kitu: pick up, okota, lakini okota nini? Hapo chaki ilirushwa sakafuni. Vingine havitaki chochote: get up, inuka, basi. Kitabuni vinachosha, kwa hiyo yeye alivitia mwilini. Alitoa amri, darasa zima likatenda. Ikiwa ni hang up, kata simu, kila mkono ulipanda sikioni ukashuka. Aliyechelewa, au aliyeuliza, alichezeshwa dansi ya ndombolo mbele ya wenzake.

“Mwili kwanza! Mudomo itakuya nyuma!” alipaza sauti.

Tulicheka sana siku hizo. Na hakuna aliyemshinda Chimène. Amri haijaisha, yeye ameshainuka.

Basi akaja Monsieur Lambert, viatu vyeupe katika matope yetu ya Mangobo. Alisema anatafuta wasichana wa kazi za nyumbani kwa matajiri wa ng'ambo. Aliketi nyuma ya darasa, nami nikamchungulia dirishani. Hakuuliza nani anajua kupika wala nani amewahi kulea mtoto. Alitazama miguu na mikono tu: nani anatii upesi, nani anasita. Msichana aliyeinua mkono na kuuliza swali, hakumtazama tena. Niliogopa hadi nikajichoma sindano kidoleni.

Darasa lilipotoka nilimwita mwalimu. “Papa Timothée, ule mutu hana haja na Kiingereza. Anachagua wenye hawaulizi.”

“Ah, Mama Fanny! Bon, kazi ya nyumba si ni kutii?”

“Donc, basi, mwenye kuuliza, anamukataa sababu gani?”

Alicheka kidogo. Alifuta ubao uliokwisha kuwa safi.

Lambert alichagua wanne, Chimène wa kwanza, akakusanya pasipoti zao zote na kuzitia katika mkoba wake mwenyewe. Siku ya safari ndipo mwalimu alipobadili mawazo. Alimshika Chimène mkono pale pale mbele ya cherehani yangu.

“Mutoto, usiende.”

“Sababu gani, Tonton? Ni weye ulinifundisha.”

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia Chimène akimwuliza mjomba wake kitu, naye mjomba akamwachia mkono. Pikipiki ilikuwa inanguruma njiani. Akapanda, akaenda uwanja wa ndege wa Bangoka.

Wiki zikapita kimya. Namba ya Lambert haikupatikana tena. Mwalimu aliendelea kufundisha, amri zile zile, ila sauti ilikuwa imepungua na ndombolo haikuchezwa.

Kisha alasiri moja, katikati ya somo, simu yake ikalia. Namba ndefu ya ugenini. Alifungua sauti kubwa, nami nikakimbilia ndani na uzi mdomoni.

“Tonton.” Alikuwa Chimène, akinong'ona.

“Mutoto! Uko wapi?”

“Siyui, Tonton. Iko mulango moja tu, na iko na kufuli. Wale wengine batatu, baliku—”

Nyuma yake mwanamume akasema kwa Kiingereza, bila ukali, kama mtu aliyezoea: “Hang up.”

Simu ikakatika papo hapo. Chimène hakuaga, hakumalizia hata lile neno. Mwalimu alibaki ameishika, akituangalia. Na mbele yake darasa zima, kwa mazoea tu, lilikuwa limeshusha mkono kutoka sikioni.