Neno la Makofi Manne

Mdogo wangu alipolazwa hospitalini kule Norwei, kazi niliyopewa mimi niliyeko Buffalo, Marekani, ilikuwa kupiga makofi. Nilipiga makofi kila siku ya kazi, saa nne asubuhi wakati wa mapumziko, nimesimama kwenye korido ya kiwanda cha vifuniko vya plastiki huko Tonawanda, simu nimeiegemeza kwenye mashine ya soda. Upande wa pili wa simu alikuwa binti yake wa miaka saba. Kwao ilikuwa saa kumi jioni, saa ya kufanya kazi za shule.

Naeleza taratibu, maana kiwandani nilieleza kwa haraka na hadi leo wapo wanaoniona nina kasoro.

Sisi ni Warundi tuliokulia kambini, Kigoma. Ulipofika wakati wa kupelekwa nje, mimi nilikuwa nimeolewa na mdogo wangu hajaolewa, kwa hiyo mafaili yetu yalikuwa mawili. Faili lake likaenda Norwei. Langu likaenda Louisville, na baada ya muda mama yetu naye akaletwa hapohapo. Mimi sikutulia. Nilimfuata kaka yetu Columbus, tukapanga Northland karibu na Morse Road. Halafu mume wangu akasikia kwamba Buffalo nyumba hazina bei, tukanunua moja Black Rock, na jikoni bado inavuja. Mama alibaki Louisville. Alisema ameshahama vya kutosha, na kwaya yake haina mwingine wa kuimba sauti ya pili.

Mdogo wangu alimlea mtoto wake kwa Kinorwei. Nilimsema sana kwa jambo hilo, na sikumsema kwa upole. Alinijibu kwamba anashinda kwenye nyumba ya wazee akiwaogesha watu, jioni amechoka, na mtoto ndiye anayemfundisha yeye lugha. Basi mtoto alijua maneno matatu ya Kiswahili: shikamoo, ugali na acha. Huwezi kumlea mtoto kwa maneno hayo matatu, ingawa niliwahi kuwaona watu waliojaribu.

Baba yake alishaondoka zamani na simzungumzii hapa. Mama yake alipolazwa, mtoto akahamia kwa jirani, bibi mmoja wa Kinorwei mwenye moyo mzuri na samaki wa kila namna. Alikula, akalala, akaenda shule, lakini hakusema kitu. Bibi akamwambia mdogo wangu kwamba mtoto anaandika kazi zake kimya kama mtu anayejaza fomu.

«Dada, kaa naye tu kwenye simu,» mdogo wangu akaniomba.

«Nikae naye kwa lugha gani?»

«Atakufundisha.»

Sikuweza kukataa. Kwetu dada wa mama si shangazi. Ni mama mkubwa, na jina hilo halipewi mtu ili limpendeze tu, lina kazi zake. Kule Norwei mimi ni tante, jina wanalompa hata mke wa mjomba, na sikulipenda tangu siku ya kwanza.

Darasa lao lilikuwa limefika kwenye maneno ya kuunganisha. Wanorwei wanachukua neno hili na neno lile wanayagandisha, basi, limekuwa neno moja. Mtoto aliniwekea karatasi mbele ya kamera. Sykehus. Akafunika mwisho kwa kiganja: syk, mgonjwa, na hapo akajilegeza shingo nione. Akafunika mwanzo: hus, nyumba. Nyumba ya wagonjwa, yaani hospitali. Mwalimu wao alisema kwanza utafute maneno yaliyomo ndani, ndipo ukate silabi, na kila silabi uipigie kofi.

Nikapiga. Si-ke-hu-si.

«Tre,» akasema. Tatu.

Nilirudia, nikapata manne. Mdomo wangu umelelewa na lugha ambazo neno linaishia na irabu, na mtu akiniachia konsonanti mwishoni naiwekea irabu bila kuambiwa. Keki ya siku ya kuzaliwa ni bursdagskake. Yeye aliipigia makofi manne, mimi manane. Ile s iliyo mbele ya keki nilimuuliza ni ya nini. Alifikiri, akaenda kuleta chupa ya gundi. Ni gundi tu. Haina maana yoyote, na ukikata neno, inabaki na kipande cha mbele.

Kilichoniudhi zaidi ni mpangilio. Sisi tunaanza na kitu chenyewe, tunasema nyumba, halafu ndiyo tunasema ni ya nani. Wao wanakitaja kitu mwisho kabisa, kwa hiyo unasikiliza neno zima bila kujua unaambiwa habari ya nini. Kiboko wanamwita flodhest, farasi wa mtoni. Mimi nimeyaona macho ya kiboko usiku pale Ziwa Tanganyika, na nawahakikishia kwamba aliyetunga neno hilo hakuwahi kumkimbia.

Mwenzangu wa laini moja, mama wa Kikongo kutoka milima ya Kivu ya Kusini, alipita na kahawa yake akasimama kunitazama. Kiswahili chao kimechanganyika na Kifaransa.

«Donc, dada, iko ibada ao iko break?»

Nikamwambia ni kazi ya shule. Akasema, «Bon,» akaenda zake. Alasiri akaniuliza kama nimeanza kwenda kanisa lingine.

Wiki ya pili mtoto alianza kunicheka. Wiki ya tatu alianza kunigombeza, kisha akaanza kunisimulia: nani amesukumwa, nani ameng'oka jino, bibi amepika nini tena. Nilishika nusu yake, baadaye zaidi ya nusu. Nilifurahi sana. Nalisema sasa kwa kuwa wakati ule sikumwambia mtu.

Halafu mwalimu akawapa kazi ya kuleta neno refu kutoka nyumbani. Mtoto alikuwa ameingia kwao na bibi kuchukua soksi, na kwenye mlango wa friji kulikuwa na barua iliyoshikwa na sumaku. Alilinakili neno refu la kwenye barua hiyo kwa herufi kubwa, akanionyesha akiwa amejaa fahari.

Livmorhalskreft.

Tukalikata. Liv, uhai. Mor, mama. Hals, shingo, akajigusa shingo. Kipande cha mwisho, kreft, hakukijua. Tukapiga makofi manne, na siku hiyo nilipata manne sawa na yeye kwa mara ya kwanza, akanisifu. Kisha akaniuliza kreft ni nini.

Nilimwambia sijui, nitauliza. Na kweli sikujua. Kengele ikalia, nikarudi kwenye laini, na nikiwa nimempa msimamizi mgongo nikaliandika neno lile kwenye simu. Kreft ni saratani. Na uhai na mama, vikigandishwa, kwao ni kizazi. Mdogo wangu alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, na sisi sote alikuwa ametuambia ni vidonda vya tumbo. Niliendelea kupanga vifuniko. Nilipanga boksi zima kichwa chini na likarudishwa.

Kesho yake, mapumziko yalipofika, nilimpigia mdogo wangu kwanza.

«Umejuaje?» akaniuliza.

«Mtoto wako amefanya kazi ya shule.»

Alicheka kidogo. Kisha akalia, na mimi nikasubiri nikiangalia mashine ya soda. Aliniambia wanamchoma kwa mionzi, na kwamba madaktari hawamwambii neno la kueleweka. Akasema, «Dada, likitokea la kutokea, huyu ni wako.»

«Amekuwa wangu tangu azaliwe,» nikamjibu kwa ukali, kwa sababu kama ningesema taratibu nisingemaliza.

Nilimwambia kaka, na kaka akaamua. Mama asiambiwe kwa simu. Kwetu habari ya namna hiyo haitumwi kwa mtu aliye peke yake. Watu wanakwenda, wanakaa, wanakunywa maji waliyopewa, ndipo mmoja anasema. Alikuwa na haki, na mama ana presha. Kutoka Columbus hadi Louisville si safari ya kumtisha mtu mwenye gari. Lakini Jumamosi ya kwanza kaka alipewa ovataimu, ya pili barabara ilikuwa na barafu, ya tatu mimi niliitwa kazini, ya nne hatukutafuta sababu. Ukweli ni kwamba tuliogopa.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa tulikutana kwenye simu sote, kila mtu kwenye dirisha lake, na mama akamuuliza mdogo wangu kama anakunywa maji ya kabichi, dawa yetu ya vidonda vya tumbo. Anakunywa, alijibu. Yanasaidia? Yanasaidia sana, mama. Mama akaeleza tena jinsi ya kuyachuja. Sote tulisikiliza kwa makini, watu wazima watatu.

Na kila siku ya kazi mtoto aliniuliza kama nimeuliza. Nikamwambia bado. Nikampa maneno mengine ya kukata, nikayatafuta marefu kwelikweli ili yamalize mapumziko. Kisha ikafika siku hakuniuliza tena, akafungua tu daftari. Hilo liliniuma kuliko maswali yote. Nilimtoa kwenye ukimya kwa wiki nyingi za makofi, na sasa nilikuwa namrudisha mimi mwenyewe.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu alikuwa kwenye kitanda cha hospitali na mtoto ameketi pembeni yake. Mdogo wangu alikuwa ameishikilia simu karibu sana ili mama asione mito iliyomwegemeza. Mama akaomba, na mama akiomba haachi nchi nyuma. Aliposema amina, mtoto akasogea hadi uso wake ukajaa dirisha lote.

«Tante,» akasema. «Skal mamma dø?»

Halikuwa na neno refu hata moja swali hilo. Mama atakufa?

«Mtoto anasemaje?» kaka akauliza kutoka Columbus.

«Anawasalimu,» nikasema.

«Basi mjibu,» akasema mama.

Katika watu wote wale, aliyeelewa zaidi yangu alikuwa mdogo wangu peke yake. Alinitazama. Hakutikisa kichwa kunizuia, hakuniruhusu pia, aliniachia. Kinorwei changu kilikuwa cha darasa la pili, lakini neno la kusema hapana nilikuwa nalo, ni fupi na ni jepesi, hata mimi nalitamka vizuri. Ningelisema, sote tungeendelea na kabichi. Mtoto alikuwa ananingoja vilevile anavyoningoja nikikosea hesabu ya makofi.

«Jeg vet ikke,» nikasema. Sijui. Kisha nikasikia nimeongeza: «Jeg kommer.» Nakuja.

Hilo la kuja sikuwa nimelipanga na mtu. Sikuwa nimeomba ruhusa kazini, na mume wangu alikuwa jikoni akibadilisha ndoo chini ya paa. Mtoto akaitikia kwa kichwa, mara moja. Halafu akalia kwa sauti, mdomo wazi, kilio cha mtoto aliyekuwa amekizuia muda mrefu. Mama yake akamvuta kifuani, na simu ikaangukia blanketi. Tukabaki tunalisikia lile kofi la taratibu analopigwa mtoto mgongoni.

«Na wewe umemwambia nini?» mama akaniuliza.

«Nimemrudishia salamu.»

Mama alikuwa ameukaribia mno uso wa simu yake, tukawa tunaona paji lake tu. Amezaa sita, na wawili aliwazika kambini.

«Salamu hizo nimezielewa,» akasema. «Kata tiketi mbili.»

Kaka akaanza habari za presha, na baridi ya kule, na kwamba tungekuja Louisville kukaa naye kwanza, tumweleze vizuri. Mama alimwacha amalize yote.

«Wewe utabaki,» akamwambia. «Nitakwenda na huyu anayejua kuongea na mjukuu wangu.»