Behewa Juu ya Kiti cha Baba

Juzi nilipita pale Migori kwa vijana wanaochomelea milango ya chuma, na pua yangu ikasimama kabla ya miguu. Kijana mmoja alikuwa ameinama juu ya mlango wa bati, anaupaka rangi ya mbao. Mnaijua hii milango ya siku hizi: chuma kitupu, lakini ukiitazama kwa mbali unaapa ni mvule. Rangi ya njano iko chini, ya kahawia juu, halafu anapitisha kitambaa kabla haijakauka na mistari ya mti inatokea. Ile harufu ya rangi mbichi na mafuta ya taa ilinipiga, nikashika nguzo.

"Dani, bibi yangu, kaa hapa kwa kiti," kijana akasema. "Jua ni kali."

"Si jua, mjukuu wangu."

"Ni nini basi?"

Sikuwa na jibu fupi. Mimi majibu mafupi sina, hata watoto wangu wanajua. Wakinipigia simu wanahakikisha kwanza chaji imejaa. Kwa hiyo yeye nilimwambia ni magoti, na nyinyi ndio nitawaambia ukweli. Mniwie radhi kwa maandishi, shule niliishia darasa la tatu na hilo la tatu sikulimaliza.

Kwetu ni kule juu ya bonde la Lambwe, upande ambao wakati ule ulikuwa vichaka na mbung'o tu. Reli hatukuwa nayo, na mpaka leo hatuna. Mtu wa kwetu akitaka kuona gari la moshi ateremke Homa Bay, apande meli mpaka Kisumu, ndipo alione. Sasa mimi, msichana wa Lambwe ambaye hajawahi kuona reli, nilikuwa nikitengeneza mabehewa.

Ni baba aliyenianzisha. Alikuwa mpaka rangi katika karakana ya reli, mbali huko. Mabehewa ya zamani yalikuwa ya mbao kweli, mbao ile nyekundu ya kung'aa, na yakiharibika ubavuni yalizibwa kwa bati. Bati likionekana ni aibu, kwa hiyo kazi ya baba ilikuwa kulipaka mpaka lifanane na mbao iliyo jirani yake, mstari kwa mstari, abiria asijue mti umeishia wapi na chuma kimeanzia wapi. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, Krismasi, na masalio ya rangi ndani ya mikebe. Akishakula na kusalimia watu ananiita, "Anyango, nyara, binti yangu, njoo tupige kazi."

Mbao tulizitoa kwenye masanduku ya sabuni. Alikuwa na rula, na sheria yake ilikuwa moja: futi moja ya gari la kweli, robo inchi ya gari letu. Nilipiga hesabu kwa vidole nikaona abiria wetu wangekuwa na urefu wa panzi, nikawaleta panzi. Baba alicheka mpaka akajifuta machozi. Magurudumu yalikuwa vigurudumu vya uzi kutoka kwa fundi cherehani, tumevikata katikati. Vioo vilikuwa yale makaratasi maangavu ya pakiti za sigara. Gundi tuliichuma kwenye migunga, inanuka kidogo kama asali iliyolala.

Lakini rangi ndiyo ilikuwa utamu wenyewe. Kwanza unapaka njano iliyofifia, unaiacha siku mbili. Halafu unachukua udongo wa kichuguu uliosagwa laini, unauchanganya na busaa iliyochujwa. Ndiyo, busaa. Mama alilalamika kwamba hajawahi kuona gari linalokunywa pombe zaidi ya dereva. Unapaka ile kahawia nyembamba, na kabla haijashika unapitisha kitana cha ngozi, kisha unyoya wa kuku, taratibu, mkono usisite, na mti unatokea. Nimezaa watoto sita na bado nasema sijaona ajabu kama ile.

Mwisho kabisa baba alikuwa akiweka fundo. Kila mpaka rangi alikuwa na fundo lake, lile jicho la mti pale tawi lilipotokea. Yeye alilikandamiza kwa dole gumba la kushoto, akalizungusha nusu, kando ya mlango. Na kwa sababu dole hilo lilikuwa na kovu, bati lilimkata alipokuwa kijana, fundo lake lilitoka na mpasuko katikati. Sanduku lake la nguo pale nyumbani lilikuwa nalo. Mlango wetu ulikuwa nalo. Jamaa wote walilijua.

Halafu Krismasi moja hakuja.

Mama aliandikisha barua kwa mwalimu. Haikujibiwa. Krismasi ya pili haikumleta. Barua nyingine ikaenda, nayo ikarudi vilevile haijafunguliwa. Mtu mmoja aliyetoka huko alisema baba aliondoka karakana asubuhi moja na kapu lake. Wengine walisema amevuka Uganda, wengine Tanganyika, wengine walinyamaza, na hao ndio waliotutisha zaidi. Watoto wenzangu walinicheka. "Anyango, gari lako litapita wapi, juu ya mihogo?" "Litamleta babako lini?" Nilimpiga mmoja kwa mwiko. Nilichapwa, lakini sijutii.

Mwaka wa tatu ng'ombe wa baba mdogo Ogutu walikufa wawili, na mtoto wake akaanza kuugua, joto lisiloisha. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa akituletea samaki bila kuombwa. Lakini mtoto akiugua mtu hutafuta sababu, na mganga alimwambia kwamba kaka yake amefia njiani na roho yake inahangaika, haina mahali pa kulala. Lazima azikwe.

Na mtu asiye na maiti anazikwa vipi? Kwetu panazikwa yago, tunda la mwegea, refu na zito kama mguu wa mtoto. Linavishwa blanketi la mwenyewe, linawekwa kaburini, watu wanalia, imekwisha. Wazee walikubaliana wangoje mtama uvunwe.

Nilimuuliza baba mdogo, "Na akiwa hai?"

Alinitazama akakuna kichwa. "Akiwa hai, mama, hapa hatarudi. Mtu aliyezikwa hapiti lango la boma. Tutamkimbia sisi wenyewe."

Basi nilijua nina muda mpaka mavuno tu. Baada ya mavuno baba yangu, popote alipo, hangekuwa na kwao. Na barua zimeshindwa. Nikawaza hivi, kwa akili ya miaka kumi na mbili: barua inamtaka mtu anayejua jina lake, lakini fundo linajulikana na kila mpaka rangi aliyewahi kufanya kazi naye. Nikitengeneza behewa, nikaliweka fundo la baba, likafika karakana, yeyote atakayeliona atasema, hii ni kazi ya fulani, yuko wapi fulani? Nao watamtafuta. Mama Akelo, aliyekuwa akipeleka kuku Homa Bay, alikubali kulibeba na kumkabidhi baharia wa meli ya Kisumu. Alikubali kwa kunihurumia tu, lakini alikubali.

Sijawahi kufanya kazi vile tena. Rangi ndani ya mikebe ilikuwa imeganda ngozi juu. Niliitoboa kwa msumari, nikailainisha kwa mafuta ya taa niliyoiba kwenye koroboi. Vipande vya masanduku ya sabuni nilivisugua kwa jani la msasa mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto mchanga. Behewa la kwanza lilipinda. La pili nilikosea kahawia, likawa kama limepakwa kinyesi, na nililia. Wanawake walikuwa tayari wanaenda mashambani na visu vya kuvunia.

La tatu lilitoka. Mistari ilishuka sawa, mlango ulikaa, madirisha yalimeta. Likabaki fundo. Nilijaribu pembeni kwanza, kwenye kipande cha ubao: dole langu liliacha duara zima, kama jicho la samaki, halina mpasuko. Nilichora mpasuko kwa mwiba. Ulionekana umechorwa. Mtu aliyefanya kazi na baba angecheka.

Nilichukua wembe ambao mama alitunyolea nywele, nikaenda nyuma ya ghala, nikaweka dole gumba la kushoto juu ya jiwe.

Sitawaeleza sana. Nitasema tu kwamba nilihesabu mpaka tatu mkono ukakataa, nikahesabu tena ukakataa, nikahesabu mara ya tatu. Nilimwambia mama nimekatwa na bati. Aliosha kwa maji ya chumvi, akaligeuza dole huku na huku, akalitazama kwa muda mrefu kuliko kidonda kilivyostahili. Alifunga kitambaa.

Nilingoja kidonda kizibe huku nikisikia mtama ukipurwa kila upande. Siku kilipofumba nilichanganya udongo na busaa mara ya mwisho, nikapaka kando ya mlango, nikakandamiza, nikazungusha nusu. Likatoka. Ndugu zangu, lilitoka lenyewe, na mpasuko wake, kana kwamba baba alikuwa ameinama nyuma yangu.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili nimelala nalo miaka yote. Behewa lilihitaji siku mbili likauke mahali pasipo vumbi wala kuku. Ndani ya nyumba palikuwa na kiti cha baba. Hakuna aliyekikalia tangu aondoke, hata paka alifukuzwa. Palikuwa safi. Nikaliweka pale.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alikuja kumwambia mama siku ya mazishi. Aliinama mlangoni, akaingia, macho yake yakakutana na kile kiti. Rangi ilikuwa bado inang'aa ubichi. Alisogea, akanyoosha kidole, akagusa. Akatazama kidole chake chenye rangi, akatazama fundo.

"Nani ameingia humu?" aliuliza. "Shemeji, nani ameingia humu?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na neno tayari, neno ni "mimi," si neno gumu. Mama, aliyekuwa kando yangu, alikamata mkono wangu wa kushoto, akalifungia dole langu ndani ya kiganja chake, akabana. Alibana mpaka kidonda kikafunguka, nikasikia damu ikiteleza kati ya mkono wake na wangu.

"Hakuna aliyeingia," alisema. "Mlango ulikuwa umefungwa."

Baba mdogo alitoka kinyumenyume. Tulimsikia nje akiwaita wazee kwa sauti ya mtu aliyechomwa. Kaka amekuja mwenyewe, anawaambia. Amekaa kwenye kiti chake. Rangi haijakauka! Anaomba alazwe!

Hawakungoja tena siku ile waliyoipanga. Walizika kesho yake mchana. Yago lilivishwa blanketi la baba, na juu yake wakaweka behewa langu, kwa sababu ni yeye aliyelileta, nani angethubutu kubaki nalo? Nilipoona udongo wa kwanza unaanguka kwenye madirisha, nilijitupa mbele. Nilipiga kelele: "Ni mimi niliyelipaka! Ni mimi! Tazameni kidole changu! Yuko hai!" Na bibi mmoja wa jirani alinikumbatia kwa nguvu akawaambia watu, "Mwacheni alie, maskini, mwacheni alie. Ndivyo wanavyosema wafiwa." Waliniacha nilie. Walimaliza kufukia.

Mtoto wa baba mdogo alipona, tuseme hilo pia. Baba hakurudi. Kama alikuwa amekufa kweli, basi alizikwa vizuri na behewa zuri. Kama alikuwa hai akasikia njiani kwamba amezikwa, akageuzia pale Homa Bay, basi mkono uliomfukuza ni huu ninaoandikia. Sijui ni lipi. Nimekuwa mzee sijui, na nitakufa sijui.

Kuhusu mama, kwa miaka mingi nilijiambia kwamba alinibana mkono ili nisichapwe, kwa kuwachezea wazee. Nilitaka iwe hivyo. Lakini kuna asubuhi ya baada ya mazishi, na hiyo haikukubaliana nami. Nilitoka nje nikakuta mbuzi wanalia, hawajafunguliwa, jua limeshapanda. Nikarudi ndani. Mama alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mdomo wazi, anakoroma. Miaka mitatu mama yangu alikuwa analala ameketi, mgongo ukutani, uso mlangoni, akimngoja baba, na mbwa akibweka tu tayari amesimama. Sasa jua lilikuwa miguuni pake na hakusikia.

"Mama!" nilimwita. "Mama, mbuzi!"

Aligeuka ubavu, akavuta shuka, akaendelea kulala. Nilisimama pale nikimchukia. Nilisema moyoni, umemsahau kwa siku moja tu.

Nilikuwa nadhani mama ni mzee. Kumbe siku ile, nilikuja kupiga hesabu baadaye nikiwa na wajukuu tayari, alikuwa hajafika hata miaka thelathini.