Siku Niliyoita Mvua Jua Likiwaka

Sasa nacheka, meno yamebaki machache na aibu nayo imezeeka, lakini kwa miaka mingi mtu akinitajia mvua pale Katonga, mwaloni kwetu tunakoshushia samaki, nilikuwa nainuka na kuondoka bila kuaga. Wengi wenu mmeisikia habari hii vipande vipande, kila mtu na chumvi yake, basi leo isikieni kwa mwenyewe.

Mimi shule sikukaa (niliingia, nikaona mwalimu ana fimbo na mimi nina njaa, nikatoka), nikaanza kwa kubeba magunia bandarini Kigoma mpaka nikawa na mitumbwi yangu na karabai zangu za kuvulia dagaa usiku, kwa hiyo mtu hanidanganyi kirahisi. Ndiyo maana walipojenga ile nyumba ya kulea wazee, juu kidogo ya mwalo, wakanitia kwenye kamati ya kuwapima wanaoomba kuingia. Nesi Dafroza kazi yake ilikuwa kuuliza, mzee unakula mwenyewe, unaoga mwenyewe, chooni unafika, nyumbani una nani. Kazi yangu mimi, hivi ndivyo nilivyoielewa, ilikuwa kukamata waongo.

Na miaka ile, jamani, ungemwamini nani? Watu walikuwa wanavuka ziwa kukimbia vita, wa Kongo wanatoka ng'ambo, wa Burundi wanatoka kaskazini, mchanga wote umejaa maturubai, na kila mtu ana kisa cha kukutoa machozi. Sisi kitanda kilibaki kimoja.

Aliyekiomba alikuwa Bibi Feza, mama wa Kongo, hana mtoto wala ndugu upande huu wa maji, anasema miguu yake imekufa. Na siku hiyohiyo alasiri lori lilikuwa linakuja kuwachukua wakimbizi wa pale mwaloni kuwapeleka kambini. Tukimkubali, anabaki na watu wa kumsaidia. Tukimkataa, anapandishwa lori kama gunia, na huko kambini nani angembeba kwenda chooni? Hayo niliyajua. Lakini jicho langu lilikuwa limeona mengine: uwanja mbele ya turubai lake umefagiliwa unang'aa, na mikono yake, wee, mikono ya mtu wa kupiga kasia! Mtu asiyesimama anafagiaje?

"Bibi, chooni unafika mwenyewe?" nikamwuliza mimi, nikamwacha Nesi mdomo wazi.

"Ninafika, papa. Lakini ile ni safari."

"Kwa miguu gani?"

"Kwa ile Mungu aliniachia," akasema, kisha akacheka.

Hapo ndipo nilipomshuku moja kwa moja. Mgonjwa anachekea nini?

Nesi Dafroza akanivuta pembeni. "Mzee Bukuru, mimi nimeridhika. Tumpeleke ndani, lori linakaribia."

"Mimi bado."

"Unataka nini tena?"

"Wewe subiri, utaona mtu anavyofufuka."

Asiyeijua Katonga nimwambie kitu kimoja. Dagaa wetu tunawaanika mchangani, na mvua ya ziwa hili haipigi hodi, inakurukia kutoka nyuma ya milima, kwa hiyo mtu akiita mvua hakuna anayeangalia juu kwanza, ukiangalia juu umeshachelewa. Kila mwenye mikono anainuka kuanua, na huulizi dagaa ni wa nani. Nimemwona kwa macho yangu bwana harusi akizoa dagaa na suti yake. Nikasema moyoni, huyu bibi kama miguu anayo, leo itamtoa.

Basi nikapanda juu ya jiwe, jua linawaka kama tanuri, nikapayuka: "Mvuaaa! Mvua hiyo! Anueni!"

Mana yanje, Mungu wangu! Kina mama wakainuka wote kama kundi la ndege, fagio huku, beseni kule, chungu hii ya dagaa inamwagwa juu ya ile, vumbi, kelele. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni watu wa kwenye maturubai. Wao dagaa hawana, mvua hawakuisikia, walichoona ni watu wanakimbia, na wale walishajifunza kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Mmoja kabeba mtoto, mwingine kabeba sufuria ya maharage inayochemka, wote hao wanaelekea mitumbwini. Nilipoziona nyuso zao nikaanza kupayuka upya, "Hakuna mvua! Rudini! Hakuna kitu!" Nani asikie? Nikaruka kutoka kwenye jiwe niwazuie, mama mmoja mwenye beseni akanikumba kwa nyonga, nikakanyaga matumbo ya samaki, wale migebuka, nikakaa chini kwa kishindo. Kiuno kikalia ka! Suruali nayo ikaachia nyuma yote. Nikajaribu kuinuka, wapi.

Na Bibi Feza? Alikuja. Alikuja kwa makalio, kipande cha tairi amekifunga chini, mkono mmoja unamsukuma, mwingine una kifagio kifupi, miguu inaburuzika kama kamba za nyavu, na anafagia dagaa wasio wake kuwaokoa na mvua yangu. Akafagia, akafagia, mpaka akanifikia mimi.

Akanitazama. "Papa, simama."

"Siwezi."

"Jaribu."

"Nimekwambia siwezi!"

"Sasa chooni utafika mwenyewe?"

Mwalo mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Mama Zaituni, ambaye alikuwa anaangalia mbingu nyeupe pee. "Nani kasema mvua?" Vidole vyote vikanielekea. "Mzee mzima! Jua lote hili! Sasa dagaa wangu na wa Mariamu nitawatenganishaje, niwaite kwa majina?"

Nesi Dafroza alikuwa majini mpaka magotini anawabembeleza watu washuke mitumbwini. Aliporudi akaamuru nibebwe. Nikapakiwa kwenye mkokoteni wa dagaa, nikapandishwa hadi nyumba ya wazee, nikalazwa kifudifudi. Kwenye kitanda gani? Si ndicho hicho kimoja!

"Utakaa hapa mpaka kiuno kiachie," akasema Nesi.

Nje lori likapiga honi.

"Na Bibi?"

"Kitanda kimoja, Mzee. Na wewe kusimama huwezi, wote tumeona, hata kukupima hakuhitajiki."

Bibi Feza alikuwa mlangoni na kifurushi chake, amejikokota mlima ule wote. Akanirushia kanga yake, akasema, "Jifunike, papa. Pona." Akaanza kujigeuza kuelekea lorini. Hakulia wala hakunilaani. Angenilaani ningelala pale kwa amani.

"Nitoeni," nikasema.

"Utaenda wapi na kiuno hicho?" Nesi akauliza.

"Kwangu. Mkokoteni si bado upo?"

Bibi Feza ndiye akalazwa pale. Mimi nikateremshwa mlima mchana kweupe, nikapitishwa katikati ya soko, kifudifudi, nanuka matumbo ya samaki, kanga ya maua imefunika matako yangu, na kila meza ninayopita kina mama wanaitikiana: "Mvua hiyo! Anueni!" Jina Bukuru likafa siku ile. Nikawa Mzee Mvua.

Kwenye kamati sikutoka (kiburi changu kilibaki kizima, kilichovunjika ni kiuno), na kushuku sijaacha. Ila nikimshuku mtu naenda kukaa naye tangu asubuhi, natazama, nafunga mdomo.

Masika ya mwaka uliofuata nikaliona wingu la kweli, jeusi, linashuka milimani. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Hata shingo moja haikugeuka. Mama Zaituni akapiga miayo. Ikabidi nipande mlima mbiombio, na kiuno changu hiki, hadi barazani kwa Bibi Feza, nikamwonyesha. Akaangalia juu, akaniangalia mimi, akahakikisha kwanza, kisha akaita mara moja tu: "Mvua, bamama!"

Mwalo wote ukainuka.

Tangu hapo nimeapa, mvua siiti tena. Nikiona wingu nampelekea habari mwenye kuaminika.