Picha Aliyoiruka Mama Dorca

Habari ile ilianzia bombani, kwa Benta, mahali ambapo habari zote za Kaloleni huanzia.

"Mmesikia ya Mama Dorca?" aliuliza, na ndoo yake haijafika hata nusu. "Tembe zimemgeukia. Zile zile anazogawa kwa nyumba za watu. Zimemrundikania ndani mpaka tumbo limeoza. Mimi sisemi kitu. Nimepita tu kwa mlango wake."

"Ukapata nini huko?"

"Nikapata kushika pua."

Wanawake walicheka. Mmoja akaongeza, "Na ndiye alitufundisha kunawa mikono."

Subira alikuwa wa nne kwenye foleni, mtoto wake Idd amelala mgongoni. Hakucheka. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemeza tembe moja aliyopewa na Mama Dorca, na pale alipo akajikuta ameweka mkono tumboni, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza gizani. Maji yalipofika zamu yake aliteka haraka akaondoka bila kuaga.

Ilikuwa mwaka wa themanini na tisa, na hapakuwa na nyumba katika mtaa ule ambayo Mama Dorca hakuwahi kuingia. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa polepole na mkoba wa kitambaa cha buluu begani. Ndani ya mkoba mlikuwa na tembe za kupanga uzazi alizopewa na zahanati awagawie wanawake, na kitabu kikubwa cha picha. Hakulipwa mshahara. Alipewa mwavuli mmoja, nao ukaibwa sokoni Kibuye.

Alipoingia kwako hakuanza na tembe. Alianza na mtungi. Aliufunua, akauchungulia, akauliza, "Haya yamechemka, au yameota jua tu?" Kisha akaingia jikoni akakuonyesha namna ya kusaga omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, na kuwachanganya na uji wa mtoto, kijiko kimoja tu, asijue. Idd alipoharisha akiwa na miezi minne hadi utosi ukabonyea, Mama Dorca alikaa na Subira siku nzima, wakimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko baada ya kijiko. Jioni mtoto alikojoa. Mama Dorca akatazama ile nepi iliyolowa, akasema, "Huu mkojo ni mtamu kuliko soda." Subira hakuwa na mama tena, na tangu siku ile alimwita Mama bila kuongeza jina.

Kila Jumatano wanawake walikusanyika barazani kwake kutazama kitabu cha picha. Picha ya kwanza ilikuwa ya mtungi. Ya pili, choo. Ya tatu, mtoto akipimwa uzito. Ya nne, mama mwenye watoto waliopishana vizuri. Ya tano ilikuwa mwanamke ameketi peke yake, leso aliyojifunga kiunoni ina doa jekundu. Hapo Mama Dorca alikuwa akisimama kwa muda. "Damu ikija siku si zake, au baada ya kulala na bwana, au umekoma hedhi na imerudi, usikae nayo. Enda upimwe. Saratani ya kizazi ikiwahiwa inatibika. Ukichelewa, hakuna."

Subira, ambaye aliishia darasa la saba lakini macho yake hayakuishia hapo, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Kuanzia mwaka uliotangulia, Mama Dorca alifunua picha ya nne, kisha kwa kidole kimoja akaziinua mbili kwa pamoja akaangukia ya sita. Alifanya hivyo Jumatano moja, na ya pili, na zote zilizofuata. Subira alidhani kurasa zimeshikana.

Mchana wa siku ile ya Benta alikwenda kwa Mama Dorca na bakuli la uji. Mlango ulikuwa umefungwa saa saba mchana, na ndani kamba ilikuwa imepigwa kutoka ukuta hadi ukuta, vipande vya shuka vimeanikwa juu yake, kizani, mahali pasipo na jua. Harufu ilikuwepo. Benta hakuwa ameongopa juu ya harufu. Mama Dorca alikuwa kitandani, magoti ameyakunja, uso umekonda mpaka meno yameonekana mengi.

"Umesikia bombani," alisema.

"Nimesikia."

"Wanasema ni tembe?"

"Wanasema."

Mama Dorca akacheka kidogo, kisha akakunja uso kwa maumivu. "Nyathina, mwanangu, mimi tembe sijameza miaka kumi. Nilikoma. Nimeze za nini?"

Subira aliketi ukingoni mwa kitanda. Akatazama zile nguo kwenye kamba, na ile picha ya tano ikamjia yenyewe. "Imeanza lini, Mama?"

"Miaka miwili sasa."

"Na wewe ndiye unayetupeleka sote kupimwa. Mimi ulinishika mkono mpaka mlangoni kwa daktari."

"Daktari ni nani?"

"Ni Zadock."

"Zadock amemwoa nani?"

Zadock alikuwa mume wa Awuor, binti ya Mama Dorca, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa akipima katika zahanati yao. Subira alikuwa wa watu wa mjini, Waislamu, lakini amezaliwa na kukulia kati ya Wajaluo, na alijua. Mama mkwe na mkwewe hawali meza moja. Hata kitanda cha wageni katika nyumba ya mkwe, mama mkwe hakilalii. Sembuse alale mbele yake miguu wazi.

"Palikuwa na sista muuguzi," alisema Mama Dorca. "Huyo nilikuwa nimepanga naye. Wiki ile ile akahamishiwa Bondo. Nikasema nitangoja, wataleta sista mwingine. Nikangoja. Nilikwenda mwenyewe hospitali kubwa, nikaambiwa leta barua kutoka zahanati yenu. Barua anaandika nani? Ni yeye."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba yale ninayoyasema siku ya Jumatano mimi mwenyewe siyawezi?"

Kesho yake asubuhi Subira aliteka maji tena. Benta alikuwa akitangaza kwamba tembe zake amezitupa chooni, na wengine wawili wakasema nao watazitupa. Subira akasema, "Si tembe."

"Haya, Mama Idd, daktari wetu," alisema Benta. "Kama si tembe, ni nini? Tuambie."

Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini siri haikuwa yake, na alijua pia namna watakavyoipokea: mwenye kitabu kakiogopa kitabu chake. Alijitwika ndoo. Nyuma yake akamsikia Benta, "Umeona? Hata yeye hajui." Kufikia mvua za vuli Benta alikuwa na mimba ya saba, na mtoto wa sita hajaacha kunyonya.

Kutoka bombani Subira alikwenda zahanati, akajifanya amemleta Idd kupimwa uzito. Zadock alikuwa kijana wa sauti ya chini, mwenye mikono safi sana. Alisikiliza habari za mama mkwe wake mpaka mwisho, kalamu ameishika hewani. Aliuliza maswali manne. Harufu? Mgongo unauma? Miguu imevimba? Mkojo unatoka? Kwa kila jibu kichwa chake kilishuka kidogo.

"Kwa hiyo amekuwa akiniletea wanawake," alisema. "Kila wiki. Anasimama pale nje ya ua, ananisalimia kwa mbali, 'Daktari, huyu muone mapema.' Na mimi narudisha salamu."

"Utamwandikia barua?"

"Siwezi kuandika nisichokiona. Na nikikiona..." Alimtazama Idd aliyekuwa akivuta kamba ya mizani. "Kwa hayo uliyoniambia, Mama Idd, hata Nairobi watamrudisha. Miaka miwili iliyopita ningemtuma na angerudi akitembea. Sasa ni dawa ya maumivu tu, na hata hiyo siwezi kumpa bila kumpima. Mwambie nitakuja Jumamosi. Mwambie ni mimi nimeomba, si yeye."

Mama Dorca alikataa siku tatu. Alisema afadhali maumivu. Alisema mtu haendi kwa mababu zake na aibu ya namna hiyo. Awuor alikuja akalia mlangoni, akarudi. Usiku wa Ijumaa wapangaji wa pande zote mbili walisikia Mama Dorca alivyopitisha usiku ule kwa maumivu, na asubuhi hakuna aliyecheka bombani.

Jumamosi saa nne Subira alimwosha. Alibadilisha shuka, akafungua dirisha, akafukiza udi kidogo aliotoka nao nyumbani kwake. Alipokuwa akizianua nguo kwenye kamba alikiona kile kitabu cha picha chini ya kitanda. Akakifunua. Kurasa hazikuwa zimeshikana. Ya tano ilikuwa safi kuliko nyingine zote.

Nje mtu alikohoa. Walimjua wote wawili kwa kikohozi kile cha adabu. Zadock alikuwa amesimama hatua tano kutoka mlangoni, mkoba wake ameukumbatia kifuani, uso ameuelekeza barabarani.

"Maro," aliita, akimtaja mama mkwe wake kwa heshima ya kwao. "Mimi niko hapa. Ukisema nirudi, nitarudi."

Idd alijipinda mgongoni mwa mama yake akanung'unika. Mama Dorca alilitazama paa, kisha mlango, kisha akamtazama Subira kwa muda mrefu, na Subira akaona kwamba haangaliwi kama mtu wa kuhurumiwa wala wa kufundishwa, bali kama mtu wa mwisho aliyebaki chumbani.

"Mteremshe mtoto," alisema Mama Dorca. "Hiyo leso uliyombebea, nipe. Nifunike uso, mwanangu, uso wote, nisimwone naye asinione. Ukishanifunika, mwambie aingie."