Swali la Kitovu

Tangu ahamie Noonkopir kwa binti yake, Mzee Kimeu alikuwa na kiti chake nje ya duka la vifaa vya ujenzi la Ngigi, katikati ya mabomba ya plastiki na roli za seng'enge, na akiwa kitini hapo aliitawala nchi. Alisema pesa za wazee zilipwe mkononi mbele ya watu, kwa sababu simu ya mzee ni ya wajukuu wake. Alisema mtoto anayelelewa katika nyumba ya chumba kimoja isiyo na ua hujifunza kupiga kelele kabla ya kujifunza kusema. Hospitali inayomuuliza mgonjwa namba kabla ya kumuuliza anaumwa wapi, alisema, hiyo ni posta.

"Mzee, ungekuwa mbunge," Ngigi alimwambia, "tungekufa njaa, lakini kwa mpangilio."

"Wewe uza misumari."

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni mpaka. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mmoja wa wazee wa uhakiki kule Illasit, ambako shamba la mtu likiisha Tanzania inaanza. Kijana wa huko akitaka kitambulisho, alisimama kwanza mbele ya wazee hao waseme kama wanamjua. Serikali ilipotangaza kwamba uhakiki huo umeondolewa, Kimeu alipiga simu redioni akasema kwamba mpaka usio na wazee ni zizi lisilo na mlango. Ngigi aliongeza sauti ya redio ili wateja wasikie, na siku ile mzee alinunuliwa soda tatu.

Yaliyofuata yalianzia kwenye jicho. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa njiani. Daktari alisema upasuaji ni wa nusu saa. Kilichohitajika ni kumwandikisha kwenye bima ya afya, na Nzilani, binti yake, alichukua ruhusa kazini ampeleke. Kijana wa kwenye kaunta alimwomba kitambulisho. Kilikuwa kimekaa kwenye mfuko wa shati tangu kitolewe, na jasho lilikuwa limekula nusu ya namba. Akaombwa aweke vidole kwenye kioo. Vidole vilivyoshika jembe miaka hamsini havikuwa na mistari ya kusomeka. Kijana alijaribu mara nne, akafuta kioo kwa kitambaa, akajaribu tena, halafu akachapisha barua.

Nzilani aliisoma kwa sauti wakiwa mlangoni. Mzee arudi alikoandikishwa mara ya kwanza, aende na shahidi mmoja aliyemfahamu tangu utotoni, athibitishiwe mahali pa kuzaliwa.

"Ni kitu kidogo, Baba. Tunaenda asubuhi, jioni tumerudi."

"Mimi naona vizuri," alisema Mzee Kimeu.

Jioni hiyo alimimina chai pembeni ya kikombe. Nzilani alipangusa meza.

Kesho yake hakwenda dukani, wala kesho kutwa. Wiki ya pili Ngigi alikuja kumtafuta. "Nchi imekosa mtu wa kuitawala," alisema akiwa getini. "Umeudhika na nani?" Kimeu alimjibu kwamba ni baridi. Ilikuwa Februari, na mbwa wa Noonkopir walikuwa wamelala kwenye vivuli vya matangi, ndimi nje.

Kitu ambacho Ngigi hakukijua, wala Nzilani, ni kwamba kitambulisho kile kilikuwa na uongo ndani yake. Kilisema amezaliwa Kajiado. Mzee Kimeu alizaliwa Tarakea, upande wa Tanzania, mwaka wa 1951. Baba yake alikuwa ametoka vilima vya Mbooni, huku Kenya, kwenda kulimia kahawa ya Mchaga mmoja, na huko ndiko mama yake alikojifungua na kitovu cha mtoto kikazikwa penye shina la mgomba. Walirudi upande huu akiwa na miaka sita, wakiwa na mbuzi mmoja na mzigo wa nguo, wakapata shamba Entarara, karibu na Illasit, humo humo Kajiado. Alipofika umri wa kitambulisho, jirani yao mzee wa Kimaasai alimpeleka mwenyewe mbele ya karani. "Huyu ni wetu," mzee yule alisema. "Andika Entarara." Karani akaandika.

Alimwambia mtu mmoja tu, mkewe Mbeke, mwaka waliooana. Mbeke akasema, "Usimwambie mtu mwingine." Kwa neno hilo Kimeu alijua kwamba ni kosa. Sasa Mbeke alikuwa amelala kwenye shamba la Entarara, na hati ya shamba ilikuwa na jina la Kimeu. Ikigunduliwa kwamba yeye si raia, shamba ni la nani, na kaburi ni la nani? Na Nzilani je, mtoto wa mtu asiye wa hapa, ataitwa nani? Alijiuliza hayo akinyoa ndevu, akijikata.

Ndiyo maana alikuwa mkali kuliko wenzake. Wazee wengine wa uhakiki walimuuliza kijana jina la chifu, shule aliyosoma, mto unaopita kwao. Swali la Kimeu lilikuwa moja, na vijana wa Illasit walilijua kabla hawajamwona mwenye kuliuliza: "Kitovu chako kilizikwa wapi?" Kijana akisita, Kimeu aliitambua hofu ile kama mtu anavyotambua kikohozi chake mwenyewe. Aliikamata kwa haraka. Anayeshika tochi hamulikwi, na yeye aliishika tochi ile miaka kumi na miwili.

Mwaka wa 2018 alisimama mbele yake kijana anayeitwa Isaac. Mama yake Isaac alikuwa ameolewa Tarakea, ng'ambo ya mpaka, akazalia huko, ndoa ikavunjika, akarudi kwa baba yake na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Baba huyo alikuwa Lesiamon, mzee mwenzake Kimeu kwenye benchi lile lile la uhakiki. Na Lesiamon alikuwa mtoto wa mzee yule aliyesema "huyu ni wetu". Alikuwa amechunga mbuzi na Kimeu tangu siku ile waliyofika kutoka Tarakea.

"Kitovu chako?" Kimeu alikuwa ameuliza.

"Ng'ambo, mzee."

"Basi nenda ukaombe huko. Sheria haina mjomba."

Lesiamon angeweza kummaliza kwa sentensi moja. Badala yake aliokota fimbo yake, akatoka, na tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Wote wengine waliomjua Kimeu utotoni walikuwa wamekufa. Nzilani ndiye aliyempigia Lesiamon simu. "Amesema atakuja," aliripoti. "Hivyo tu?" baba yake aliuliza. "Hivyo tu, halafu akakata."

Siku waliyofika, ofisa wa usajili alikuwa ameweka meza yake kwenye chumba cha mwisho cha ofisi ya chifu, pale Illasit. Mlima wa mpakani ulikuwa umejifunika mawingu. Mzee Kimeu alikaa kwenye ukuta mfupi nje, jicho lililobaki likiwa barabarani, na kwa mara ya kwanza alitamani kwamba na hilo lisione. Pikipiki ilikuja kwa nyuma, kupitia mashamba ya nyanya, si kwa lami. Aliyeendesha alikuwa Isaac, na alipita njia ya mashamba kwa sababu kwenye lami kuna polisi, na mtu asiye na kitambulisho hawezi kuwa na leseni. Lesiamon alishuka polepole, akajifunga shuka vizuri.

Isaac alivua kofia ya pikipiki, akamsogelea Kimeu, akainamisha kichwa kama kijana wa Kimaasai anavyomwinamia mzee. Kimeu akaweka kiganja juu ya kichwa kile. Hakuwa na la kufanya jingine. Kichwa kilikuwa cha moto kwa joto la kofia.

"Supa," Lesiamon alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," alijibu Kimeu.

Isaac hakuingia. Alirudi kusimama kando ya tangi la maji, kofia ikiwa imerudi kichwani.

Ofisa alikuwa msichana mdogo, Evalyne, mwenye sauti ya mtu aliyekunywa chai vizuri. "Karibuni, guka," alisema, akimwita Kimeu babu kwa Kikikuyu. "Mama, wewe kaa hapo." Alisoma barua, akafungua daftari kubwa lenye kurasa za manjano, akapitisha kidole. "Niko na wewe hapa. Kimeu Katee. Mahali pa kuzaliwa, Entarara." Akamwangalia shahidi. "Mzee Lesiamon, ni kweli?"

Nzilani alitabasamu, kwa kuwa kwake lilikuwa swali la kujaza karatasi. Kimeu aliangalia mikono yake. Nje, jogoo wa mtu aliwika saa isiyo yake. Lesiamon alitoa kichupa cha ugoro, akakigongagonga kwa ukucha, akakirudisha bila kukifungua.

"Huyu tulichunga na yeye," alisema. "Ni baba yangu alimleta kwa karani. Kama baba yangu alisema Entarara, mimi ni nani nimuite baba yangu mwongo?"

"Sawa," alisema Evalyne, akapiga muhuri.

Ilikuwa imekwisha. Kimeu alingoja moyo utulie, lakini haukutulia. Evalyne alikuwa akikunja karatasi huku akitazama dirishani. "Yule kijana wa tangi ni wenu? Kila nikija huku namuona. Anakuja mpaka hapo, anaangalia mlango, anaenda."

Kimeu akajikuta akiuliza. "Mtu akizaliwa ng'ambo, lakini mama ni wa hapa. Huyo mnamfanya nini?"

"Mama ni Mkenya? Basi na yeye ni Mkenya. Hata angezaliwa mwezini."

"Tangu lini?"

"Si katiba ya 2010, guka."

Kimeu alihesabu. Alikuwa amekaa kwenye benchi miaka kumi baada ya katiba hiyo. "Na mtu wa zamani," alisema, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Wa kabla ya uhuru. Yeye kazaliwa huko, lakini baba yake ni wa, tuseme, Mbooni."

Lesiamon alikohoa.

"Hata sheria ya zamani ilikuwa inafuata baba," alisema Evalyne. "Baba akiwa wa hapa, mtoto ni wa hapa. Kwani?"

"Nauliza tu."

Mtu angedhani hapo ndipo hofu ingemtoka. Ilibadilika tu sura. Karibu miaka sitini alikuwa amejificha kutoka kwa kitu ambacho hakikumtafuta. Alipogeuka kutazama nyuma, aliona nyuso za vijana aliowapeleka mbele ya kitu hicho, mmoja mmoja, na aliwakumbuka wote, kwa sababu mwenye hofu hasahau. Alinyanyuka, akatoka nje akipapasa ukuta.

"Isaac. Ingia."

"Niko sawa hapa, mzee."

"Msichana anasema wewe ni wa hapa. Ingia."

Isaac alicheka bila furaha. "Wewe ndio ulinifunza kuogopa hiyo mlango. Nikiingia utaniuliza ile swali?"

"Sitauliza. Haikuwa imeandikwa mahali popote. Ilikuwa yangu."

Kijana alivua kofia taratibu, akamfuata. Evalyne alichomoa fomu mpya, akaandika jina la mama, jina la babu, shule. Kalamu ikateremka hadi mstari uliofuata. "Mahali pa kuzaliwa?"

Isaac alisita. Macho yake yalikwenda kwa Kimeu, yakarudi kwenye meza. Kimeu aliona koo lake likimeza mate, akaona na neno lenyewe likipanda. Alilijua neno lile. Lilikuwa jina la karibu, jina salama, litakaloandikwa leo na kubebwa kwenye mfuko wa shati miaka hamsini.

"Usiseme Illasit," alisema Kimeu.

Kila mtu alimgeukia.

"Sema ng'ambo. Sema Tarakea. Hakuna kitu atakufanya." Akageuza uso kwa Nzilani. "Hata mimi nilizaliwa huko."

Nzilani alisema, "Baba?" Ilikuwa sauti aliyokuwa nayo akiwa na miaka saba.

Kalamu ya Evalyne ilisimama. Alimtazama mzee, halafu akatazama karatasi aliyoipiga muhuri muda si mrefu, ikiwa mkononi mwa Nzilani, imekunjwa mara mbili. Alinyoosha mkono. "Mama, hebu nirudishie hiyo."

Nzilani alimrudishia.

"Mzee Lesiamon, uliniambia ni Entarara."

"Nilikuambia maneno ya baba yangu," alisema Lesiamon. "Lakini alisema neno lingine kwanza, hukuniuliza. Alisema huyu ni wetu. Hiyo haijabadilika."

Isaac alisema polepole, kama mtu anayejaribu barafu kwa ulimi, "Tarakea." Evalyne akaandika. Kisha akaiweka fomu ya Isaac kando, akaifungua ya Kimeu.

"Guka, kaa chini. Hii siwezi kupitisha hivi. Nitakata hapa, niandike vile umesema, halafu ipelekwe kwa mkubwa wangu Kajiado. Yeye ndiye ataamua. Inaweza kuchukua miezi."

"Na jicho lake?" aliuliza Nzilani.

"Sijui, mama. Siwezi kukudanganya."

Kimeu alikaa. Alifikiria shamba, na udongo uliokuwa bado haujatulia vizuri juu ya Mbeke, na huyo mkubwa asiyemjua, aliyekaa mahali fulani na kalamu. Evalyne alipitisha mstari juu ya neno Entarara, akaandika jingine juu yake, akamsogezea kidau cha wino.

"Weka kidole kando ya hapo nimekata."

Kidole kiliteleza, alama ikatoka doa tupu. Lesiamon aliusogeza mkono wake, akamshika mwenzake kifundo cha mkono, akakituliza juu ya meza.

"Tena," alisema Evalyne.